Siku ya Kuzaliwa Inayongoja Treni

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwetu ilikaa juu ya meza ya samaki. Hatukuwa na meza nyingine. Asubuhi nilipanga juu yake samaki wakavu wanaotoka Kinkondja, nikawatenganisha wakubwa na wadogo kabla ya kwenda sokoni. Nikishaondoka, mdogo wangu wa kiume aliisugua kwa sabuni, akatandika kitenge kilichochakaa, akaweka mashini yake. Harufu haikutoka. Mpaka leo mtu akifungua kompyuta karibu nami, pua yangu inangoja samaki.

Tuko watatu. Mimi ni wa kwanza, kisha yeye, kisha mdogo wetu wa kike, wa mwisho. Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa breki za mabehewa, na tulikulia katika kambi ya reli hapa Kamina, kwenye zile nyumba za matofali zinazofanana mpaka mgeni akirudi kutoka chooni anaingia kwa jirani. Baba alikufa kwanza, mama akamfuata. Wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa nimeanza sekondari, nikaacha. Sikulia sana juu ya shule. Samaki walihitaji mtu wa kuwauza, na nilijiambia kwamba hawa wawili watasoma mpaka wao wenyewe waseme inatosha.

Wa kiume alisema inatosha baada ya kumaliza informatiki. Kazi ya ofisi haikupatikana, lakini alinunua mashini iliyokwisha kutumiwa na mwingine, akaweka paneli ya jua juu ya paa, akaanza kuwaandikia watu programu ndogo ndogo. Kazi aliyoipenda kuliko zote hakulipwa. Ilikuwa ya kwaya ya parokia.

Kwaya yetu ina desturi yake. Misa ya yenga ikiisha, yaani misa ya Jumapili, watu wanapita kwenye ukumbi wa pembeni, na wale waliozaliwa katika juma hilo wanaitwa mbele. Wanaimbiwa, kisha wanamwagiwa maji kichwani. Kwetu mtu hajatimiza mwaka mpaka alowe. Zamani mama kiongozi wa kwaya alikuwa anakumbuka siku za watu kwa kichwa, lakini kwaya ilikua, na kichwa chake, alivyosema mwenyewe, kilijaa sauti ya pili na ya tatu, nafasi ya tarehe haikubaki. Basi mdogo wangu alitengeneza programu. Majina na siku za watu wote zilikuwa ndani, na kila yenga mashine ya kurusha picha iliandika juu ya ukuta mweupe: fulani, siku fulani.

Nilidhani hiyo ni kazi ya dakika chache. Tarehe ni tarehe. Lakini nilimwona amekaa mbele ya ile meza anajikuna kichwa kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine anayelia.

Mara ya kwanza ukuta ulitanguliza mwezi kabla ya siku, kwa sababu vipande vya programu vilitengenezwa na watu wa mbali ambao kwao mwezi ndio unaotangulia. Mama kiongozi alizaliwa tarehe tano ya mwezi wa kumi na moja. Ukuta ulimwita tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano. Alitoka mbele, akaimbiwa, akamwagiwa maji, akarudi kukaa bila neno. Mwezi wa kumi na moja ulipofika alitoka tena, akasema ule wa kwanza ulikuwa zawadi ya mashini, huu ndio wake.

Basi mdogo wangu akaacha namba, akaamua kuandika siku kwa maneno. Alifurahi sana kugundua kwamba mashini inajua Kiswahili. Kumbe ilijua cha pwani. Ilitangaza mazoezi ya kwaya ni Jumanne. Sisi juma letu linaanza na kazi: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano, halafu siku ya posho, kwa kuwa zamani ndiyo siku wafanyakazi waligawiwa chakula, halafu yenga. Nusu ya kwaya ilisikia nne, ikaja siku ya ine, ikakuta ukumbi umejaa watoto wa katekisimu, nao wenzao waliojua cha pwani walikuwa wamekwisha imba tangu siku mbili. Ilibidi aifundishe mashini siku zetu moja moja. Nilipoona maneno "siku ya posho" yanang'aa ndani ya kioo, nilifurahi kama mtu aliyemwona jirani yake kwenye televisheni.

Jioni moja nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo, si siku ni ile ile tu?

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo wanavyomwita mkubwa wao, "mule ndani hakuna siku wala mwezi. Kuko hesabu tu, inapanda, inapanda. Minyi njo ninaivalisha nguo ndiyo bantu baweze kuiona."

Nikamwambia basi aivalishe vizuri, inakwenda kanisani.

Jambo lililomshinda lilikuwa watu wasio na siku. Katika kwaya yetu hao ni wengi. Kuna waliozaliwa vijijini upande wa ziwa, kuna waliozaliwa wakati watu wanakimbia vita, kuna ambao wazazi walikufa kabla ya kuwaambia. Shuleni mwalimu akikuta mtoto hajui siku yake, anaandika tarehe moja ya mwezi wa kwanza, maisha yanaendelea. Programu nayo haikupenda nafasi tupu. Mdogo wangu akiiacha tupu, ukuta ulitoa alama zisizosomeka, watu wakacheka. Basi akaiagiza: ukikuta tupu, andika tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Ndivyo tulivyopata kundi la watoto wa bonane, yaani wa mwaka mpya. Siku hiyo walipangwa kwa mistari, wakubwa nyuma wadogo mbele, mama kiongozi akachovya tawi la majani katika beseni akawanyunyizia wote pamoja kama mtu anayemwagilia mchicha. Wimbo mmoja kwa wote.

Mdogo wetu wa kike alikuwa katika mistari hiyo.

Alikuwa ameingia kwaya akiwa msichana mkubwa, na kwa sauti yake walimpa kazi ya kuanzisha nyimbo. Alirudi nyumbani siku ile ya bonane, maji yamemgusa bega moja tu, akakaa chini kuchambua sombe, yale majani ya muhogo. Alichambua majani mpaka vikonyo vikaingia ndani ya sufuria pamoja na majani, na yeye si mtu wa kukosea sombe. Nilingoja. Ninamjua; ukimvuta anafunga mlango.

"Mwaka unaokuja sitasimama na bale ba bonane," akasema mwishowe. "Ntaacha kwaya."

Kaka yake alianza kueleza habari ya nafasi tupu. Hakumwacha amalize.

"Mweye bawili mulikuwaka na mama. Minyi hata siku sina."

Kaka yake aliangalia kioo chake. Mimi nilitoa vikonyo ndani ya sufuria, kimoja kimoja, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Nilikuwa nimemlisha, nimemvisha, nimempeleka shuleni, nimemkalia usiku wa malaria. Na alikuwa amesema kweli. Kilichokosekana hakikuuzwa sokoni.

Nikamwambia kile nilichokuwa nikimwambia tangu utoto wake: kwamba alizaliwa siku treni ya yenga ilipofika. Alikuwa amezoea kukisikia kama hadithi ya kumlaza. Safari hii aliinua macho.

"Treni ya yenga gani?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa na umri wa kubeba ndoo ndogo, siyo kubwa. Ilikuwa Kwaresima, mvua ilikuwa inapiga kila siku, na baba alikuwa ametuma habari kwamba atarudi na treni ya yenga la kwanza la mwezi wa tatu. Mwaka tuliujua. Kaka yake aligeuza mashini, akagonga gonga, mashini ikarudi nyuma miaka yote ile bila kuchoka, ikatoa jibu. Akaligeuza upande wetu. "Yenga, tarehe tano, mwezi wa tatu."

Aliniuliza ni hiyo? Nikasoma, nikasema ni hiyo.

Yule msichana alisogea karibu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu juu ya kioo. Akaupangusa kwa kidole. Akaniuliza kwa nini katika orodha kaka yake anaandika sifuri mbele ya tano. Kaka yake akasema ni kwa ajili ya usawa, ili namba zote zisimame urefu mmoja. Msichana akasema yake aiandike bila sifuri, haina haja ya kusindikizwa.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Aliimba akifua. Mwezi wa tatu ulipoingia alisuka nywele, akalalamika kwamba maji yataharibu, akasuka vile vile.

Yenga lake lilipofika ukuta ulimwita. Mama kiongozi alimpa wimbo mrefu, si ule wa haraka, na kumwaga maji alitumia kikombe kikubwa cha bati. Yalishuka mpaka kwenye viatu. Msichana wetu alisimama pale analowa anacheka mdomo wazi, na mimi nilicheka naye, na nikasema moyoni, mama, umeona.

Katika ukumbi ule alikuwamo mama mmoja tunayemwita mama wa Base. Mume wake alikuwa askari, akatokea jimbo la Ikweta akapangwa kwenye kambi ya jeshi ya Base, na yeye akabaki huko hata baada ya mume kufa, anauza mikate ya kukaanga. Yeye ndiye aliyempokea mdogo wetu alipozaliwa. Hana parokia moja. Anasali pale biashara inapompeleka. Siku ile alikuwa amekuja mjini na beseni lake, akaliacha mlangoni, akakaa nyuma. Maji yalipokwisha kumwagwa akauliza jirani yake kile kilichoandikwa ukutani. Akasomewa. Akaanza kucheka. Ana kicheko cha mtu mnene ingawa ni mwembamba, na ukumbi wote uligeuka.

"Treni ya yenga ifike yenga?" akasema. "Tangu lini? Mwana na ngai, mwanangu, nani aliwadanganya?"

Wakati ule ule nikajua kilichotokea, na wazee wote wa reli waliokuwa pale walijua, maana walianza kuguna. Sisi watu wa kambi treni tunaiita kwa siku ambayo ingepaswa kufika. Treni ya yenga ni treni ya yenga hata ikifika siku ya ine. Ikifika juma linalofuata bado ni ya yenga, na ikikutana stesheni na mwenzake wa yenga jipya, zote mbili ni za yenga, hii ya zamani na hii ya sasa. Hatufikirii hata kidogo. Mtoto wa kambi anajua jambo hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nililijua mno, ndiyo maana sikuliona. Kwenye kioo mimi nilisoma treni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameandika siku. Alikua wakati treni zimekuwa chache, anajua programu kuliko ratiba, na hakufikiri kwamba yenga inaweza kuwa kitu kingine zaidi ya yenga.

Msichana wetu alikuwa bado mbele, maji yanadondoka kwenye ncha za nywele. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye ukingo wa saruji kando ya ukumbi, na mama wa Base akaketi kati yetu na beseni lake magotini. Alipoona uso wa msichana, naye aliacha kucheka. Akamfuta shingo kwa ncha ya kitenge chake, akamweleza yote, mengine ambayo hata mimi sikuyajua kwa mpangilio ule.

Alikuwa amekuja mjini siku ya posho na mikate ya kuwauzia wasafiri wa treni ya yenga. Yenga ikafika, treni haikuja. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli, mbele ya Bukama. Kurudi Base kwa miguu na beseni zima hakutaka, basi aliomba kulala kwetu, kwa kuwa mama yetu alikuwa akimnunulia mikate. Alilala usiku mmoja, wa pili, wa tatu, na treni bado. Mikate ikawa mawe. Alikuwa anailoweka kwenye chai anakula mwenyewe, anaitukana reli kwa Kilingala, mama yetu anacheka ameshika tumbo.

"Halafu ile asubuhi," akasema, "mama yako akakaa chini jikoni, hakusimama tena. Mvua inanyesha, hospitali iko kule, nani atambeba? Ukatoka, kamba iko shingoni, rangi iko kama ya wino. Minyi nikaifungua. Nikakupiga mgongo. Ukakaa kimya kwanza, unafikiri. Halafu ukalia, na treni ikalia. Pamoja."

Mimi nilikumbuka hilo la mwisho. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu ndogo, na honi ya treni ilitoka upande wa mto ikaingia ndani ya kilio cha mtoto, sikuweza kutenganisha.

Msichana akapangusa maji usoni. Kisha akauliza, polepole, kama treni ingefika yenga kwa kweli, ingekuwaje.

"Ningeuza mikate yangu, nirudi Base," akasema mama wa Base. "Mama yako angebaki na huyu." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu alikuwa hivi." Akaweka mkono hewani, usawa wa bega lake.

Siku yenyewe ilikuwa ipi? Hapo tulishindwa. Mama wa Base alisema ya ine. Mimi niliona kama ya tano, kwa sababu nakumbuka watu wakienda Njia ya Msalaba, lakini huenda hiyo ilikuwa kesho yake. Yule msichana alinitazama. Nilijua kwamba nikisema "ya tano" kwa sauti ya yaya, itakuwa ya tano mpaka kaburini. Watoto hawa hawajawahi kunibishia jambo la zamani. Ndiyo sababu sikusema. Nilimwambia sijui. Nilikwisha mpa siku moja isiyo yake, sikutaka kumpa ya pili.

Kaka yake, maskini, alikuwa amefungua mashini pale pale juu ya magoti. Alisema akiifuta ile tarehe tano nafasi itakuwa tupu, na ikiwa tupu mashini itamrudisha bonane.

"Andika tunachojua," nikamwambia.

"Tunajua nini, yaya? Mwezi tu na treni."

"Basi andika mwezi na treni."

Alisema tarehe haiandikwi hivyo. Mama kiongozi, aliyekuwa amekuja kujua kwa nini mwimbaji wake ana uso ule, alimuunga mkono: ukuta unataka siku, watu wataletaje maji bila kujua siku? Ndipo msichana mwenyewe akasema, bila kuinua sauti, kwamba yeye anajua siku anayoitaka. Anataka ile ambayo treni ya yenga itafika, ya mwezi wa tatu. Kila mwaka, yoyote itakayokuwa.

"Minyi niko wa ile treni kuchelewa," akasema. "Ingewahi, singekuwa hapa."

Mama kiongozi akasema siku ya kuzaliwa haiwezi kuhamahama. Kaka yake akasema hata mashini haitakubali.

Mimi si mtu wa maneno mengi kanisani. Lakini nilimuuliza mama kiongozi Pasaka iko tarehe gani. Akaanza kuhesabu majuma kwa vidole. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamuuliza kama ukutani Pasaka haiandikwi. Inaandikwa, akasema, kila mwaka inahesabiwa upya. Nikasema basi kama Bwana wetu anafufuka kila mwaka siku tofauti na hakuna anayelalamika, huyu mtoto naye anaweza kuzaliwa siku ambayo reli itapenda.

Mama wa Base alianza tena kile kicheko chake. Mama kiongozi alisema mimi ningekuwa padri kama si samaki, akarudi ndani.

Kazi ilimchukua mdogo wangu siku kadhaa juu ya ile meza. Alinieleza nikiwa napanga samaki upande wangu: mpaka sasa alikuwa anaiambia mashini kwamba tarehe ni kitu kimoja kizima, na kipande kikikosekana, yeye anakijaza kwa uongo ili kisimame. Sasa anazivunja kuwa tatu, siku, mwezi, mwaka, na kila kipande kina ruhusa ya kusema sijui. Ukuta utavisha nguo kile kilichopo tu. Alisema ni ajabu jinsi kuandika "sijui" kunavyohitaji kazi nyingi kuliko kuandika bongo, yaani uongo. Na kwa ajili ya dada yake aliongeza kitu ambacho, alisema, hakimo katika programu ya mtu mwingine yeyote: siku inayongoja.

Yenga lililofuata ukuta uliandika jina lake, na chini yake: "Mwezi wa tatu. Siku: treni ya yenga ikifika."

Watu wa reli walipiga makofi. Na watoto wa bonane wakaanza kumjia mdogo wangu nje ya ukumbi, mmoja mmoja, hata watu wazima wenye nywele nyeupe. Huyu alijua tu kwamba ni msimu wa viwavi. Yule kwamba ni juma ambalo paa la shule lilipaa. Mdogo wangu aliwauliza wanajua nini, akaandika hicho.

Lakini treni haikuja. Mwaka huu pia mvua ilikuwa mbaya. Tulisikia kwa simu kwamba imeondoka Lubumbashi, kisha kwamba imesimama Luena, kisha hatukusikia kitu. Mwezi ulikuwa unakwisha. Msichana alifua kitenge chake cha kwaya, akakianika, akakikunja, akakifua tena. Kila jioni alijaza jagi la maji akaliweka mlangoni, na kila asubuhi alimwagia miche ya nyanya. Sijawahi kuona nyanya zenye afya vile.

Kaka yake aliniuliza pembeni: ikifika mwezi wa ine, aandike nini? Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Nilimwambia aandike siku itakayofika, mwezi wenyewe utazoea.

Treni iliitika siku ya tatu, saa za mchana, mwezi wa tatu ukiwa bado una mkia mdogo. Nilikuwa sokoni. Honi ilitoka upande wa mto, ndefu, na nilimwacha jirani aangalie samaki wangu bila hata kumwomba. Stesheni niliwakuta wote. Mama wa Base alikuwa amefika tangu jana na beseni lake, anauza kwa haraka kabla mikate haijawa mawe tena. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameweka mashini juu ya gunia la mahindi la mtu. Msichana alisimama na jagi lake, kitenge kimenyooka.

"Ngoja kwanza," akanikataza nilipoinua mkono. "Nione."

Mabehewa yalipita mbele yetu, watu wamekaa juu ya mizigo, wana vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Treni iliposimama kabisa, kaka yake aligonga mara moja. Nafasi iliyokuwa inangoja ikajaa. Aliisoma mwenyewe kwa sauti, yule msichana, kama anayesoma somo misani: "Siku ya tatu, tarehe makumi mbili na tisa, mwezi wa tatu." Akaisoma tena kimya. Kisha akanipa jagi, akainama.

Nilipommwagia nilikumbuka kitu kimoja ambacho mama wa Base hakukijua, kwa sababu wakati ule alikwisha kimbilia stesheni kuuza mikate yake kwa bei yoyote. Baba aliingia jikoni mikono myeusi kwa grisi ya breki, akamwona mtoto, hakuthubutu kumgusa. Akanyoosha mikono juu ya beseni. Mama, akiwa amelala vile vile, aliniambia nimmwagie maji. Nilikuwa na ile ndoo yangu ndogo. Nilikuwa na haraka, nikamwaga mengi, yakaruka, yakamdondokea mtoto usoni, akafungua macho.

Nilimwambia hilo pale pale, jagi likiwa bado mkononi, watu wakitupita na mizigo yao. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye nywele. Akaniuliza basi ni mimi niliyekuwa wa kwanza kummwagia?

Nikamwambia ni mimi. Akainama tena, akasema maji yamebaki ndani ya jagi.